Amplifaya ya Baba Haitupwi

Nshambya, Bukoba
9 Julai 1972

Kaka Ildefons,

Leo nyumba nzima inapumua. Kahawa tumeianika, Mama anakusalimu, na amplifaya yako ya transista ilifika bila mkwaruzo. Ni nyepesi, haipati moto, ukiiwasha inaimba hapo hapo. Uliagiza tuitupe ile kuukuu ya Baba, yenye taa za kioo ndani, eti inakula umeme. Nilikubali. Tangu apooze wakati wa Pasaka Baba hajatamka neno, nani angelalamika?

Jumapili iliyopita, kabla ya kuitia guniani, niliiwasha mara ya mwisho. Unakumbuka alivyotufinya masikio tulipoweka santuri kabla zile taa hazijawa nyekundu? Mimi nimeshazoea yako, isiyongojewa. Nikaishika sindano mara moja.

"Bado," mtu akasema nyuma yangu.

Mama alikuwa kanisani, Kaka. Nyumbani tulikuwa Baba na mimi tu.

Nikangoja. Taa zilipokuwa nyekundu akasema, "Haya, weka."

Yako nimeifunika kitambaa. Usinune, njoo mwenyewe umuulize Baba anataka ipi. Atakujibu.

Dada yako,
Georgina