Nani Anasimama Kwenye Kibao cha Mke Wangu?

Mpendwa mshauri,

Kama unanizidi umri pokea shikamoo yangu, na kama hunizidi basi salamu tu zinatosha. Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo basi la kwaya linaondoka na mimi nimeambiwa niwemo, na sijui kama napelekwa ziara au napelekwa mtegoni.

Mimi ni fundi seremala. Mke wangu alifariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, aliumwa wiki tatu tu, na alikuwa ameimba sauti ya pili katika kwaya ileile kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mfupi, mfupi kweli, mimi nikimwita Inchi na yeye akiniita Futikamba, na kwa kuwa alipangwa mstari wa pili na hakuwa akiuona mkono wa mwalimu, nilimtengenezea kibao cha kusimamia, cha mbao laini, kimo chake inchi nne, nikakizungushia ukingo chini kisiteleze, na kibao hicho kilisafiri naye ziara zote kikiwa kimefungwa pamoja na majukwaa ya kwaya, ambayo nayo niliyatengeneza mimi.

Kila likizo ya kiangazi kwaya huenda ziara ya siku nne, mji hadi mji, na wiki hiyohiyo ndugu zangu hujaa kwangu, dada yangu mkubwa na watoto wake, wadogo zangu na wake zao, magodoro sebule nzima, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba chakula kikubwa cha sherehe hakiguswi mpaka basi limrudishe mke wangu, hata lichelewe vipi, na watoto walijazana dirishani wakipiga kelele "Sauti ya pili imefika!" hata kabla hajashuka, naye anaingia sauti imemkauka, anaongea kwa ishara mpaka jioni, na sisi tunafanya makusudi kutomwelewa. Nisamehe kwa kurefusha, haya ndiyo yanayonijia nikiwa peke yangu na randa.

Sasa mambo yenyewe. Wiki mbili zilizopita mwalimu wa kwaya alikuja karakana, akasimama kwenye maranda na viatu vyake vilivyong'aa, akasema, "Fundi, ziara ya mwaka huu tunakuhitaji, majukwaa yanatikisika." Nikamwambia ayalete. Yakaletwa yote matano, nikayapanda moja moja nikarukaruka kama mwehu, halikutikisika hata moja, nikampigia simu kumweleza, akasema, "Yanatikisika yakiwa na watu." Mshauri, mimi ni nini?

Katika mzigo ule kilikuwemo kibao cha mke wangu, nami nilijua kimekaa stoo tangu afariki. Nilipokifuta vumbi nikaona juu yake vishimo vidogo vya mviringo, vingi, na mbao ndani yake bado nyeupe, maana yake ni vipya. Ni alama za visigino. Mke wangu hakuvaa mchuchumio maisha yake yote, hata siku ya harusi yetu alivaa raba nyeupe chini ya gauni na hakuna aliyejua ila mimi. Nikampigia tena mwalimu, nikamuuliza, "Nani anasimama kwenye kibao cha mke wangu?" Akasema, "Utamwona ukija."

Siku mbili baadaye dada yangu akaja. Hakukaa hata kwenye kiti. "Mdogo wangu," akasema, "mwaka huu hatuli kwako." Nikamuuliza kwangu kumeota nini. "Kumeota ukimya," akasema. "Tumepata nyumba kubwa kule kwaya inakomalizia ziara, nyuma ya ukumbi kabisa. Familia yote inakwenda. Wewe utakuja na basi lao, sisi tutakukuta huko. Na uvae shati la maana, hilo lenye gundi liache hapahapa." Nikasema sijawahi kuona sherehe ya familia inaifuata kwaya. Akamwangalia binti yangu aliyekuwa akipika, binti yangu akaangalia sufuria. Nikaona yale macho, mshauri. Nina miaka hamsini na mbili, najua macho ya watu wenye jambo.

Kuna mwanamke kwenye kwaya wanamwita Mama Filimbi, ndiye anayepanda juu kabisa katika sauti ya kwanza, mume wake walitengana zamani. Tangu msiba huniletea chakula karakana mara mojamoja, anainama kupita mlango kwa sababu mlango wangu ni wa chini na yeye ni mlingoti, anaweka bakuli, anaondoka. Sikuwahi kufikiria lolote. Lakini wiki iliyopita hakuondoka, alisimama akichezea msasa, akaniuliza, "Hivi fundi, wewe ukikasirika huwa unafanyaje?" Nikamwambia mimi si mtu wa hasira. Akasema, "Haya, tutaona," akacheka kidogo. Na miguuni alikuwa na visigino.

Binti yangu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa sababu ndiye niliyebaki naye. Ana miaka ishirini na moja, anauza kwenye duka la dawa, ni mtoto msikivu, kwa umbo ni mama yake mtupu. Kabati la jikoni nililitundika juu kabla sijaoa na sikuwahi kulishusha, basi mama yake alikuwa anapanda kigoda kufikia sukari, na sasa yeye anapanda kigoda kilekile na bado anachuchumia kidogo, mama yake hakuchuchumia. Siku hizi Jumatano na Jumamosi anachelewa, anasema kazi zimeongezeka. Anakunywa maji ya moto yenye tangawizi katika joto hili, nikimuuliza unaumwa anasema hapana Baba. Nikimkuta anaongea na shangazi yake kwenye simu anahamia uani. Zamani hakunificha kitu. Hata mwezi ule baada ya mazishi, alipokuwa anaosha vyombo akaanza kuimba wimbo wa mama yake, nilipomwambia anyamaze, kwamba katika nyumba hii wimbo huo una mwenyewe, alinyamaza palepale bila kununa, na tangu siku hiyo sijamsikia hata akighuna. Redio nayo niliihamishia karakana. Ndivyo alivyo, ukimwambia kitu anasikia. Sasa mtoto wa namna hiyo akianza njama na shangazi yake, ujue ameshawishiwa.

Nimejumlisha mwenyewe, na jibu ni hili: wamempa Mama Filimbi nafasi ya mke wangu kwenye jukwaa, na sasa wanataka kumpa na nafasi yake mezani. Nitashushwa kwenye basi mbele ya ukoo mzima nikiwa na shati la maana, nitamkuta ameketi. Nimeamua siendi. Binti yangu nitamwambia achague, mimi au shangazi yake, na kwenye ile sherehe hatakanyaga. Kibao kipo hapa mbele yangu ninapoandika, msumeno upo ukutani, na Jumatatu mwalimu akija kuchukua majukwaa atakikuta vipande viwili. Afadhali asikisimamie mtu yeyote. Nakuuliza tu, nakosea?

Fundi mwenye mashaka

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi, na umri wangu tuuache hivyohivyo.

Ndiyo, unakosea. Msumeno uache ukutani. Na pole, pole sana. Nimesoma habari za raba nyeupe chini ya gauni nikaweka barua pembeni kwa muda. Mtu aliyependa hivyo namheshimu. Lakini heshima hainizuii kukuambia kwamba wewe, unayeishi kwa kupima, safari hii umekata kabla ya kupima.

Umeniambia mwenyewe kwamba Mama Filimbi huinama kupita mlango wako. Mlingoti, umesema. Sasa niambie, mlingoti unapanda kibao kwa ajili gani? Wakimwongezea inchi nne yule, mstari wa nyuma utaimba kwenye mgongo wake. Umeona visigino vyake ukafurahi kwamba umemkamata mwizi, ukasahau kuangalia urefu wa mwizi.

Anayehitaji kibao kile ni mtu mfupi. Tena mfupi kuliko mke wako, ndiyo maana juu ya inchi zako nne anaongeza za kisigino. Haya, fundi. Katika barua yako yote, ni nani mfupi? Ni nani anayepanda kigoda cha mama yake na bado anachuchumia? Ni nani anayechelewa Jumatano na Jumamosi, siku mbili zilezile kila wiki, kama watu wenye mazoezi? Ni nani anayekunywa tangawizi ya moto kwenye jua kali na haumwi? Duka gani la dawa hilo ambalo kazi zake zinakausha koo?

Mimi sikuwepo, sina ushahidi wa kuapia. Lakini ningekuwa wewe, ningejumlisha upya.

Utaniuliza kwa nini binti yako akufiche. Hapo ndipo ninapokugombeza, na usiniangalie vibaya. Alifungua mdomo mara moja tu, akiwa na mikono kwenye povu, mwezi mmoja baada ya kumzika mama yake, nawe ukamwambia wimbo una mwenyewe. Ukaona kunyamaza kwake ni usikivu. Ukaihamisha na redio. Fundi, ulifiwa na mke, ndiyo, lakini yeye alifiwa na mama, na kitu kimoja alichoachiwa ambacho hakiwezi kukunjwa na kuwekwa sandukuni ni ile sauti. Ulimfungia mlango, akatafuta mlango mwingine. Shangazi yake anajua, mwalimu anajua, Mama Filimbi anajua, ndiyo maana alikuja kukuuliza ukikasirika unafanyaje. Hakuwa anakutafuta wewe, baba. Alikuwa anauliza kwa niaba ya mtoto. Ukoo mzima unahamisha sherehe, unapanga nyumba nyuma ya ukumbi, wote ili wawe karibu ukishamsikia, kwa sababu hawajui utafanya nini. Na ukisoma aya yako ya mwisho, walikuwa na haki ya kuogopa.

Nao nawalaumu kidogo. Mtu aliyefiwa hazungushwi hivi, na lile la majukwaa kutikisika ni uongo wa kitoto. Dada yako mwambie hivyo, nimekuruhusu.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usimhoji binti yako. Usimpekue viatu. Usimwambie "nimeshajua," ukamgeuza mtuhumiwa. Leo, akiwa jikoni, mwambie hivi tu: "Siku ile nilipokukataza kuimba, nilikosea." Usiongeze maelezo, usiulize swali, kaa hapohapo hata akilia. Redio irudishe ndani. Kama nimekosea mimi, na kumbe mwenye visigino ni mfupi mwingine kabisa, utakuwa umemwomba mwanao radhi, na hilo lilikusubiri hata bila kibao.

Kesho ingia karakana. Kitoe kile kibao, na usiguse vile vishimo, viache. Juu yake ongeza ubao mwingine, kwa kimo kile kinachopungua akiwa kwenye kigoda, ambacho jicho lako linakijua vizuri kuliko mimi. Upige msasa mpaka mtu aweze kusimama peku. Jumatatu mwalimu akija, mpe kikiwa pamoja na majukwaa, bila neno. Atakayekipanda kwenye mazoezi ya Jumatano atajua baba yake ameelewa, na ataingia kwenye basi Alhamisi bila woga. Mtu anayeogopa haimbi, anahema tu.

Nawe panda basi hilo. Kaa viti vya nyuma na vifaa vyako vya kazi. Utaumia, sikudanganyi, utasikia sauti ya pili ikitoka pale ilipokuwa inatoka, na haitakuwa yake. Lia, ukumbi ni wa giza. Halafu nenda mezani, na watoto wakipiga kelele dirishani, piga nao.

Mama Filimbi mrudishie bakuli lake likiwa limeoshwa na useme asante. Huenda chakula ni chakula tu. Kama si chakula tu, una mdomo, utamjibu kwa heshima siku akikuuliza, wala si kabla.

Bado siku kadhaa mpaka Alhamisi na fundi hakosi misumari. Shusha lile kabati la jikoni. Mke wako alipanda kigoda miaka yote hiyo akakuchekea tu, lakini huyu mwanao anachuchumia.