Nguo za Wasioweza Kuinua Mkono

Mdogo wangu mpenzi Kiduchu,

Pokea salamu kutoka kwenye nyumba yenye kelele. Natumaini unakula vizuri na maandalizi ya harusi hayajakunyima usingizi. Sisi wazima, ila mwanangu anaota meno na ameapa kwamba hakuna atakayelala. Shemeji yako anambembeleza huku akinichungulia kama nimemaliza kuandika.

Uliponiuliza kazi inaendaje nilijibu nzuri. Haikuwa nzuri. Bango langu lilisema tunashona kila kitu, na watu wakaliamini: mapazia, sare, suti, hata zipu za mabegi. Siku moja, mtoto mgongoni analia, nikakata kitambaa cha gauni la mwalimu mkuu kwa vipimo vya dirisha la daktari wa meno. Mwenyewe alipokuja akakikunjua, akaniuliza ni lini nilimwona ana upana ule. Jirani yangu fundi viatu alicheka mpaka nyundo ikamdondoka. Nilicheka naye, kisha nikaingia ndani nikalia. Wateja walianza kunipita, nami nikawa nawaza kuuza cherehani.

Ndipo muuza maziwa akaleta gauni la mama yake. Mama huyo amepooza upande mmoja, mkono hauinuki, na kumvalisha kila asubuhi kunawaliza wote wawili. Aliomba nipanue makwapa tu. Nilimwambia haitasaidia. Mwanangu akilala simwinui mkono kumvalisha, nitaamsha balaa. Nguo ndiyo inayomfuata alipo. Basi nikalipasua gauni kuanzia begani hadi kiunoni, nikaweka vifungo vya kubonyeza, nikavifunika kwa pindo ili asionekane mgonjwa. Muuza maziwa alirudi kunieleza kuwa mama yake alijitazama kwenye kioo muda mrefu, halafu akauliza hereni zake ziko wapi.

Baada yake akaja muuguzi, kisha binti ambaye baba yake alivunjika bega, na sasa wanaelekezana wenyewe kwa wenyewe. Bango nimelipaka rangi upya: nguo za wasioweza kuinua mkono. Fundi viatu alisema nimewafukuza wateja kwa brashi yangu mwenyewe. Shemeji yako naye alinuna, akiuliza ni biashara gani inayokataa kazi. Siku hizi yeye ndiye anayepiga vifungo jioni, na ukivisifia anavimba kichwa.

Sasa nifike ninapopaogopa. Kiduchu, gauni lako la harusi sitalishona. Kitambaa kiko kwenye mfuko wake, mkasi haujakigusa. Najua nilikuahidi tangu ukiwa unavaa shuka la mama kichwani na kujiita bibi harusi. Lakini nikianza kutunga shanga za gauni lako, wanaonisubiri watabaki na nguo zinazowaumiza. Kisha mama mkwe wako atataka la kwake, shangazi naye atauliza yeye amekosa nini, na mimi nitarudi palepale nilipokuwa nakata dirisha badala ya gauni. Siwezi kuwakataa watu wa nje halafu niwakubalie wa ndani.

Nimeongea na yule mama wa mtaa wa pili anayeshona magauni ya harusi tu. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Nasema hivyo bila wivu, au kwa wivu kidogo tu. Anakungoja, na siku ya vipimo nitakusindikiza.

Nuna, mdogo wangu, una haki. Ila nikuombe ufikirie sherehe zote za ukoo wetu: kila moja mimi niko chumba cha nyuma, pini mdomoni, namalizia pindo la mtu huku wenzangu wanacheza. Sijawahi kumwona bibi harusi yeyote wa kwetu akiingia. Wewe nataka nikuone.

Msalimie mama, umwambie mjukuu wake sasa anauma. Baba naye mpe shikamoo yangu. Ukinijibu kwa hasira, jibu tu, mradi uandike.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama zamani.