Dada Serafina Hasikii Akiitwa

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo siwezi kumwambia mwalimu wala mama. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, na dada yangu Serafina anaugua kifua kikuu cha uti wa mgongo, ingawa majirani wanabisha kwa kuwa hakohoi, wanasema ni mizigo ya tumbaku aliyobeba kule Ushetu. Tangu aanze sindano ameacha fimbo na anatembea, tukafurahi, lakini masikio yake yanavuma kama mashine ya kusaga, akisimama anapepesuka, na ukimwita kwa nyuma hasikii. Juzi baba mdogo Marselino aliingia uani akasimama kungoja shikamoo, dada akaendelea kuchambua mchicha, baba mdogo akasema, "Kumbe mgongo ukinyooka, shingo nayo inakuwa ngumu?" Watu wakacheka. Nilimgusa bega, akapiga goti haraka huku machozi yanamtoka. Baadaye akaniambia, "Luku, kliniki wakijua watanikatia sindano nirudi kutambaa. Afadhali kiziwi anayetembea." Akaniapisha kwa rozari ya marehemu bibi. Sasa kliniki namsindikiza mimi, na nesi akimwuliza kama ana shida yoyote namfinya mkono ili atikise kichwa. Nikivunja kiapo, si nitakuwa nimemrudisha kitandani?

Lukresia, Ngokolo

Marahaba, Lukresia. Nakuhurumia, lakini acha kumfinya dada yako mkono. Unamficha nesi jambo analopaswa kulijua kuliko yote. Sindano hiyo hutibu, ila kwa wengine huharibu masikio, na ikiendelea hata usikivu uliobaki utakwisha. Serafina anadhani ni lazima achague kati ya miguu na masikio. Hakumwuliza daktari, ambaye anaweza kuiondoa sindano na kumwachia dawa nyingine. Wala msiache dawa yoyote wenyewe nyumbani. Mgongo kutouma si kupona.

Kiapo chako kakipeleke kwa padre, lakini baada ya kwenda kliniki. Barua yako imechelewa njiani, basi ukisoma haya usingoje siku ya sindano. Nenda leo, hata na sare ya shule, ukamweleze nesi yote. Baba mdogo naye aambiwe, aache kumsimanga mgonjwa.

Sikudanganyi: alichokwisha kupoteza huenda kisirudi. Naye akikasirika, mwache akasirike. Utamwomba radhi akiwa bado anaweza kukusikia.