Mkono wa Tata na Jiwe Jeupe

Jumanne, kijijini Tabaka. Manyunyu tangu alfajiri. Sina hamu ya kuandika, naandika tu.

Leo Tata, baba yangu, amejikata kidole kwa kisu cha kuchongea. Amechonga mawe ya sabuni, yale meupe laini ya vinyago, maisha yake yote na sijawahi kumwona akijikata hivyo. Alidhani kidole ni jiwe.

Kiharusi cha mwaka jana hakikugusa macho yake. Daktari wa Kisii mjini alinieleza polepole: jicho huleta picha nzima, halafu ubongo ndio huamua hiki ni kitu na kile kiko nyuma yake. Hutafuta ukingo, kivuli, tofauti ya rangi, mwendo. Kwa Tata, kazi hiyo imevurugika. Kikombe cheupe juu ya meza nyeupe hakioni. Ukikisogeza, anakiona. Niliitikia tu, kama mtu anayeelekezwa njia ya sokoni.

Na hapa kwetu kila kitu ni cheupe. Vumbi la mawe limekaa ukutani, kwenye migomba, kwenye nywele zake. Asubuhi alikuwa ameshika kinyago cha kiboko ambacho hajakimaliza, mkono na jiwe rangi moja. Damu ilipotoka ndipo alipouona mkono wake.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Sikulia. Nilimfunga kidole, nikaendelea kufua.

Kaka yangu alipiga simu kutoka Keroka. "Moraa, ficha hivyo visu. Mzee apumzike sasa." Nimevifunga kwenye gunia. Lakini Tata asipochonga hushinda ameinamisha kichwa, hata uji hagusi. Leo hakugusa.

Sasa niungame.

Jioni nilisimama mbele yake, nyuma yangu rundo la mawe, koti langu limejaa vumbi. Akanitazama usoni, akauliza, "Moraa hajarudi?" Ningeweza kusogea. Sikusogea. Nilitaka kujua itaniuma kiasi gani.

Haikuniuma. Hilo ndilo linalonitisha.

Baadaye nikainua mkono. "Ah, uko hapo," akasema, akatabasamu.

Huku sisi wanawake ndio hupaka vinyago rangi vikishachongwa. Kesho nitaanza kinyume. Nitalipaka jiwe rangi nyeusi kabla hajalishika, auone mkono wake juu yake. Kisha nitamrudishia kisu kimoja, nikae karibu. Kaka akikasirika, akasirike.

Na mimi nitavaa sweta nyekundu.