Ndege Imepita, Ongeza Unga

Mama Hamisi,

Usiucheke mwandiko wangu. Hata ulipokuwa hai ulisema kuku wa hapa Miteja wanaparua vizuri kuliko ninavyoandika.

Tulikuzika vizuri. Matangani mtani wako Bi Zuhura alivaa gauni lako, akapita mbele yetu kwa mwendo wako. Nikamwambia, dada, kiuno hicho sicho. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda kujificha chooni.

Shida yangu ni Hamisi. Mwanao hajui kama umekufa.

Tangu siku ile alipokupigia, "Mama, tunapanda ndege, msiniulize tunakwenda wapi," simu yake haipatikani. Nimesafiri hadi kwenye kambi yao ya jeshi. Wakanipa kiti, wakanipa soda, wakasema kikosi chake kipo kazini, ujumbe utamfikia. Nikiuliza utamfikia wapi, wananiita mzee wangu.

Unaikumbuka ndege yao, ile yenye tumbo la mjamzito na mapangaboi manne? Inafunguka matakoni, inawamwaga makomando gizani kama mbuzi anavyomwaga vinyesi. Nilipokwambia hivyo ulinirushia mwiko. Kila ikipita kuelekea Dar ulisema, "Ndege imepita, ongeza unga." Nami nakuuliza, kwani itamshushia sufuriani? Wewe unaongeza tu. Na kuna mara alikuja kweli, kesho yake, akaanza kuita tangu barabarani, "Mama, kuna nini jikoni?" Ukanitazama. Nikaenda mwenyewe kuosha sufuria.

Sasa ikipita naongeza mimi. Ugali wangu una madonge, bata wanaudonoa kwa adabu tu. Naomba Mungu iwe imemrudisha. Halafu nakumbuka ataita "Mama" tangu barabarani, na atakayetoka ni mimi. Natamani aje. Naogopa aje. Na asipokuja kabisa, je? Mke wangu, asipokuja kabisa mimi nitakaa na nani? Ungeningoja. Hata kidogo tu, ungeningoja.

Leo imepita, chini chini, mabati yakatetemeka. Nimeongeza unga. Kiti nimekihamishia barabarani.

Nakuahidi hivi: hatasikia kwa Bi Zuhura, wala hatafika jikoni akute moshi wangu. Nitamkuta njiani, kabla hajaita.

Lala, Mama Hamisi. Mwiko ninao mimi.

Mumeo, yule yule