Nilivyovipika Vipande vya Fuwele

Jumapili, 2 Machi 2014
Nasugua vipande viwili vya fuwele tangu asubuhi. Vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Vidole ganzi. Joyce, Mganda anayeendesha darubini ya kuonea atomi, kaja mara tatu kuuliza lini vitakuwa tayari. Kazi yake kubonyeza vitufe, halafu anajiita mwanasayansi. Nyoo.

Jumatatu, 3 Machi
Daktari, bosi wetu, katueleza upya kama watoto wa chekechea. Fuwele ina umeme ndani yake, na umeme huo una upande. Kwenye kipande cha kwanza unaelekea mpakani, pale tabaka mbili za oksaidi zinapokutana. Kwenye cha pili umeupa mpaka mgongo. Tunataka kuona atomi za mpakani zinasogea vipi kwa kila upande. Najua, sir. Nilijua kabla hujajifunza kufunga tai.

Jumatano, 5 Machi
Picha zimetoka. Vipande vyote viwili sawasawa, hakuna tofauti yoyote mpakani. Daktari kafura. Eti Joyce hajui kulenga darubini, na mkataba wake unaoisha mwezi huu hausaini. Khalas, basi. Joyce kazima darubini, macho mekundu. Ana wanawe wawili Kampala.
Nimefurahi. Sijidanganyi. Nimekula biriani mtaa wa Oud Metha kwa raha zangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeandaa kipande kingine. Kukibandua kwenye kioo lazima niyeyushe nta inayokishika. Jiko la umeme nimelikuta kwenye nyuzi mia na hamsini, nilipoliacha mwenyewe Jumatatu nikibandua vile viwili, nikiharakisha niwahi kutoka.
Fuwele hii ikipita mia na ishirini, umeme wake hupoteza upande. Ikipoa unarudi ovyo, huku hivi, kule vile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Mimi, fundi wa miaka sita, nimevipika. Joyce kapiga picha sahihi za takataka niliyompa.
Mtu mzima hovyo.
Hakuna aliyeona. Nimekaa dakika kumi nikiliangalia jiko.

Alhamisi, baada ya alasiri
Nimemwambia Daktari mbele ya Joyce: "Nimevipika mimi. Yeye hana kosa."
Daktari kaniangalia nilivyozoea mimi kumwangalia Joyce. Joyce anabaki. Mimi nisubiri barua ya kufukuzwa, na barua ikija viza ya kukaa huku ugenini inakwenda nayo.
Joyce hakunishukuru, na ni haki yake. Kaniuliza tu moto wa nta uwe ngapi. Nikamwambia themanini, asizidishe. Kaandika.