Pipa Lililoandikwa Mabaki

Nyumba ya ngazi za bluu,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo wewe na wote waliomo ndani? Goti lako linaendeleaje? Wifi bado anakufukuza jikoni ukikadiria chumvi kwa macho? Sisi huku wazima. Shinikizo langu la damu limeshuka, na daktari anadai ni dawa zake. Mwache ajisifu. Mimi ninajua kilicholishusha, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwenye simu hunikatiza.

Chiriku amefaulu. Nimelitanguliza hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa vizuri. Mwanao harudi huko kujifunza uhasibu dukani kwako, na kile kitanda ulichokwisha kumtandikia, mlazeni mgeni mwingine.

Uliapa kwamba kazi hii ya kundi ikimshinda, basi kusomea lugha ni kupoteza muda, na arudi. Nilikujibu kwa makelele, kama kawaida yangu, lakini moyoni niliogopa. Mambo yalikuwa mabaya kuliko alivyokuwa anakueleza yeye.

Chuo chao huwachanganya wanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka fani mbalimbali, wabuni kitu cha kuhifadhi mazingira. Yeye aliangukia kwa mhandisi, mchumi na muuguzi. Walichagua kutengeneza gesi ya kupikia kutokana na uchafu wa jiko la bweni. Siku ya kwanza tu mhandisi akamuuliza, "Sasa wewe wa lugha utafanya nini? Utaiimbia gesi?" Wakampa kazi ya kupiga chapa ripoti. Mratibu wa somo naye akawaonya kwamba gesi isipopatikana, wote wanarudia mwaka.

Unajua ninavyopigana na wakubwa wa vyuo magazetini. Wanawaketisha vijana meza moja, wanapiga picha, kisha wanatangaza ushirikiano. Hata kuku na kisu hukutana jikoni! Kukaa pamoja si kuelewana, na nitalisema hilo hadi wanizibe mdomo kwa saruji.

Basi mhandisi akaweka pipa nje ya mlango wa jiko, akaliandika kwa rangi nyekundu: MABAKI. Wiki zikapita, pipa tupu, safi hata ungeweza kumwogeshea mtoto humo. Mhandisi akasema wapishi ni wavivu. Akafuta, akaandika TAKA. Hapo likajaa kweli: mifuko ya plastiki, vizibo vya chupa, na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Mtambo wao wa gesi ukaziba, na muhula ulikuwa umebaki mdogo.

Walikuja kugombana hapa kwangu, kwenye meza ya kulia chakula. Nilikuwa nakula, nikajikaza nisiingilie, na unajua jambo hilo lilivyo gumu kwangu. Mara Chiriku akagonga meza. "Hebu kila mtu aniambie, mabaki ni nini?"

"Kinachosalia ukishatoa matumizi," akasema mchumi.

"Kinachosalia mtambo ukishamaliza kazi," akasema mhandisi.

Muuguzi akacheka. "Kwetu wodini hayo huenda kwenye tanuri. Na msiniulize ni mabaki ya nini."

Nikasogeza sahani yangu mbali.

"Na jikoni," akasema Chiriku, "mabaki ni chakula cha kesho. Nani atakitupa pipani? Mnachokitaka ninyi kinaitwa makombo. Na maganda."

Mhandisi akamgeukia, "Sasa mbona hukusema siku zote hizo?"

"Mlinipa kazi ya kupiga chapa."

Kaka, nilitaka kupiga vigelegele! Tunaambiwa penye wengi hapaharibiki neno. Hapa neno lenyewe ndilo lililoharibika, na wengi walikuwapo, kila mmoja na maana yake mfukoni, wakidhani wanaongea lugha moja.

Sitakudanganya kwamba neno peke yake lilichemsha chai. Yalipowekwa mapipa mawili yenye majina ya kueleweka, yalianza kujaa kila siku. Muuguzi akalazimisha vifuniko, akafukuza nzi. Mhandisi alizibua mabomba, akapanga upya kiasi cha maganda na maji. Mchumi akaonyesha ni magunia mangapi ya mkaa jiko lile litaacha kuchoma. Safari hii waliulizana kabla ya kugusa kitu.

Juzi wakaguzi walikuja. Nilisimama nyuma yao. Kiberiti cha kwanza kikazimika, nikafumba macho. Cha pili kikawasha moto wa bluu, sufuria ikachemka, hata mratibu akaomba kikombe. Alipouliza ni nani aliyeligundua kosa, yule yule wa "utaiimbia gesi" akamsukuma Chiriku mbele. "Ni huyu. Sisi tulikuwa na mtambo, hatukuwa na neno."

Nikakaa papo hapo juu ya ndoo iliyofunikwa. Mtu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia kinyume chake.

Sasa sikiliza. Sitaki ukiri kwamba nilishinda ubishi wetu, ingawa nilishinda. Nataka umpigie simu mwanao. Jana simu ililia, akatoka bafuni mbio, sabuni usoni, kumbe ni mwenye nyumba. Alirudi kujisuuza bila kusema kitu, naye ndiye Chiriku! Sifa zangu amezizoea, hazimshibishi. Mpigie, na usimpe hotuba, hizo ninazo za kutosha hapa. Mwambie, "Hongera mwanangu, kaa umalize." Kisha unyamaze, umwache alie.

Msalimie wifi, wabusu mapacha, na mpe salamu yule mjomba wa wifi anayeapa hasomi makala zangu lakini anazijua zote kwa moyo. Mungu alinde afya yako na alilainishe goti lako, na shingo pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata tunapogombana,
Mama Makelele